Nafumua banda la kuku nyuma ya nyumba, nataka lisimame upya kabla ya masika. Wazoefu karibuni tujadili

Mama Wawili

Habarini za humu wakuu. Naombeni tulijadili hili kwa kina maana nimesoma nyuzi nyingi za mabanda lakini nyingi zinaongelea kuku mia tano, elfu moja, watu wenye heka zao, sisi wa viwanja vya kawaida tunabaki kukisia.

Iko hivi. Nipo Kigamboni, Kibada. Nyumba tuliyohamia tumeikuta na banda nyuma, waliokuwepo mwanzo walikua wanafuga broila. Ni mita 3 kwa 3, limepigwa mabati pande zote mpaka juu, hewa inaingilia kwenye vitundu viwili tu vya dirisha, paa la chini kiasi kwamba nikinyoosha mkono naligusa, sakafu udongo. Nina chotara 35, Kuroiler na Sasso wamechanganyika, mitetea 31 na majogoo 4. Mchana nawaachia uwani, usiku wanalala humo.

Asubuhi nikifungua mlango harufu inachoma macho. Saa nane mchana mle ndani hata mimi sikai dakika mbili, kwahiyo kuku hawaingii kutaga, wanataga chini ya mpapai na kwenye kona ya tenki na kunguru wananiwahi mayai. Mvua ikija na upepo maji yanapita chini ya bati, na sasa wawili wameanza kukoroma usiku.

Eneo: kutoka ukuta wa jikoni mpaka ukuta wa jirani wa nyuma ni mita 9, upana mita 6 maana pembeni kuna shimo la maji taka. Nyumba inaangalia mashariki, kwahiyo uwa uko magharibi. Nataka nifike kuku 60 wa mayai na nisizidi hapo.

Je nibomoe lote au kuongeza madirisha kunatosha? Likae vipi? Sakafu udongo au zege? Bati au makuti? Karibuni, na mwenye kupinga apinge kwa sababu.

Kijana wa Geza

Nafuatilia kwa karibu, na mi niko huku huku.

FundiMbaoNaBati

Dada kabla hujaita fundi chukua bisibisi au panga, nenda chomachoma zile nguzo za banda la zamani pale chini zinapoingia ardhini. Ikizama kirahisi ujue mchwa wameshamaliza kazi na hapo hamna cha kuongeza dirisha, ukitoboa bati zinazoshikilia nguzo banda lote linalala. Huku Kigamboni mchanga mtupu na mchwa wapo wa kutosha, nguzo ya mti iliyochimbiwa bila dawa haina maisha marefu.

Mabati ya zamani usitupe, kama hayajatoboka yanafaa kuzungushia uwanja wa nje chini.

Mzee Kaskazi

Mwanangu nimefanya kazi ya ubwana mifugo mpaka nimestaafu, mabanda niliyoyaingia ni mengi, na nikuambie jambo moja ulishike kuliko yote: banda la kuku ni hewa juu na ukavu chini. Mengine yote ya urembo, idadi, aina ya chombo cha maji, yanafuata baadae. Watu wa mjini wanajenga banda kama wanajenga stoo, wanaogopa mwizi na kicheche, wanaziba kila mahali, alafu wanahangaika na antibayotiki kila mwezi. Kuku anakoroma kwasababu analala juu ya kinyesi kibichi kinachotoa amonia na ile amonia haina pa kutokea. Hata ukimpa dawa leo kesho anaivuta tena.

Ufanye hivi. Usiku wa leo kama saa kumi alfajiri ingia bandani na CHUCHUMAA, kichwa chako kiwe usawa wa kichwa cha kuku. Usisimame, ukisimama unanusa hewa ya kwako. Ukiona macho yanawasha pale chini basi kuku wako ndio wanachovuta usiku kucha.

Alafu chota maranda au hicho kilichopo chini, ukikamate ngumi. Ukifungua mkono kikibaki donge lililoshikana, pamelowa. Kikiwa donge lakini ukiligusa kwa kidole linasambaratika, pako sawa. Kikiwa vumbi tupu pamekauka mno, vumbi nalo linaumiza mapafu.

Kuhusu kukaa kwake: urefu wa banda uende mashariki-magharibi. Hapo jua la asubuhi na la jioni linapiga kuta fupi tu, haliingii kwa kuku. Na huku pwani tuna bahati nyingine, upepo wa kaskazi unatoka kaskazini mashariki kuanzia kama Novemba mpaka Machi, kusi inatoka kusini mashariki kuanzia Aprili mpaka Septemba. Ukiacha pande ndefu mbili wazi, ya kaskazini na ya kusini, mwaka mzima unapata upepo unaopita upande mpaka upande. Na kwa vile uwa wako uko magharibi mwa nyumba, pepo zote mbili zinaipeleka harufu mbali na jiko lako.

Mama Wawili

Shikamoo mzee. Nimechuchumaa. Sijamaliza hata kuhesabu kuku nikatoka nje machozi yanatoka. Na ile ya ngumi ni donge kabisa, limeng'ang'ana. Fundi na nguzo nazo bisibisi imezama zote za upande wa kusini.

Kwahiyo nabomoa. Mzee swali, upepo ukitoka kwangu unaenda kwa jirani wa nyuma, si namhamishia harufu yeye?

Mzee Kaskazi

Marahaba. Swali zuri na wengi hawalijali. Unamhamishia kama ipo. Banda kavu halinuki, nenda kwa mtu yeyote anayefuga kwenye maranda makavu ukasimame mita mbili, husikii kitu. Acha angalau mita moja kati ya banda na ukuta wake, upite kusafisha, na usije ukarundika mbolea pale ukutani kwake. Hayo majogoo 4 nayo uyafikirie, kuku anataga bila jogoo, jogoo unamhitaji ukitaka vifaranga tu. Jirani akilalamika mara nyingi ni jogoo wa saa tisa usiku.

Kijana wa Geza

Mzee naomba kupishana kidogo. Mi nimejenga banda la kunyanyua, futi 3 kutoka chini, sakafu ya mbao zilizoachiana nafasi, kinyesi kinadondoka chini nakizoa kwa koleo kila jumamosi. Maranda sinunui, unyevu sina, siafu hawapandi maana miguu ya banda nimeisimamisha kwenye makopo yenye oili chafu. Nina kuku 18 na hamna anayekoroma. Kwa eneo dogo kama la dada naona hii ndio yenyewe, na chini ya banda kuku wanapata kivuli mchana.

FundiMbaoNaBati

Kaka kwa kuku 18 sawa kabisa na nakubali. Kwa 60 piga hesabu ya uzito. Kuroiler wakishakomaa kilo mbili na nusu mpaka tatu hivi, mara 60, jumlisha na mtu anayeingia kuokota mayai, hiyo sakafu inataka mbao nene na miguu mingi, hela ya mbao inapita hela ya zege. Na mbao zikishaanza kulowa kinyesi cha kuku miaka haiendi mingi.

Mzee Kaskazi

Fundi amemaliza. Niongeze tu kwamba hawa chotara wazito, wakiishi juu ya waya au mbao zenye kingo kali wanapata vidonda vya nyayo. Kijana lako ni zuri kwa idadi yako, liache hivyo hivyo, usiongeze kuku humo.

Bibi Shamba Mafinga

Huku kwetu baridi ya mwezi wa sita watu wanaziba banda kabisa na magunia, na yale yale mafua mnayosema huko pwani ndio yanatumaliza na sisi. Nilichojifunza ni kuziba chini walipo kuku na kuacha wazi juu ya vichwa vyao. Kuku aliyekomaa baridi anaivumilia ana manyoya, asichokivumilia ni upepo unaompiga moja kwa moja amelala pamoja na hewa chafu. Kwahiyo dada hata wewe mapazia yako yafungie CHINI yakunjukie juu, yaani pazia unalivuta kupanda. Watu wengi wanalining'iniza kutoka juu kama la sebuleni, mvua ikinyesha wakilishusha wanaziba pale pale hewa chafu inapotokea.

Mama Wawili

Bibi hii ya pazia sijawahi kuisikia popote, asante sana, naiandika.

Haya nimekaa na karatasi, naomba mnikosoe. Banda mita 5 kwa 3, yaani skwea mita 15, kuku 60 ni wanne kwa kila skwea mita. Mita 5 ziende mashariki-magharibi. Naacha mita 1 mpaka ukuta wa nyuma, inabaki mita 3 mpaka jikoni. Kwenye ule upana wa mita 6 naacha mita 1 kusini, banda linachukua 3, kaskazini zinabaki 2 ziwe uwanja wao wa kutembea. Ukuta wa tofali za inchi 6, kozi 3 (mistari mitatu ya tofali) juu ya sakafu, juu yake waya. Paa la mgongo mmoja, yaani linateremkia upande mmoja tu.

FundiMbaoNaBati

Vipimo vimekaa vizuri. Mgongo mmoja upande wa chini uweke kusini, wa juu kaskazini, kwasababu mvua ya masika huku inakuja na kusi, ukiweka upande mrefu kusini inaingia yote ndani. Chini futi 7, juu futi 9, na bati litokeze nje futi 3 kila upande mrefu. Kutokeza ndio kitu mafundi wengi wanakubania, wanakuwekea futi moja ili bati zitoshe, mkatalie. Hizo futi 3 zinazuia mvua na zinazuia jua pia, maana mwezi wa sita jua linapita kaskazini yetu na mwezi wa kumi na mbili linapita kusini. Ila kwa vile umeacha mita 1 kusini weka gata, maji ya paa yasije yakamwagika kwenye msingi wa jirani, yaelekeze kwenye tenki unayatumia kuoshea vyombo vya kuku.

Tofali: mzunguko ni mita 16, toa mlango, kozi moja inakula kama tofali 32, kozi 3 za juu na 1 ya msingi ni kama 130, chukua 140 kuna za kuvunjika. Sakafu zege la inchi 3 juu ya kifusi kilichoshindiliwa, kwa uwiano wa moja tatu sita (saruji moja, mchanga tatu, kokoto sita) mifuko 5 ya saruji inatosha, ongeza 2 ya niru, ule utando wa saruji wa kulainisha juu. Mteremko kidogo kuelekea mlangoni, siku unaosha maji yatoke yenyewe. Sakafu iwe juu kuliko ardhi ya nje kwa inchi 6 angalau.

Pwani Kilifi

Salama wadau. Sisi huku Kilifi tunaezeka makuti na ndani ni baridi hata mwezi wa pili. Kwanini mwahangaika na mabati kwenye joto la pwani? Kuku hatoi jasho, akishikwa na joto ahema mdomo wazi mbawa ameziinua, chakula hali, mayai hupungua ganda laini. Mimi singeweka bati kabisa.

FundiMbaoNaBati

Ndugu yangu kwa joto makuti hayana mpinzani. Tatizo lake ni wanaohamia humo, panya anazaa juu, nyoka anamfuata panya, ukisikia kuku wanapiga kelele saa sita usiku hujui uanzie wapi. Na kiwanja kidogo kama hiki, moto wa jirani anayechoma taka ukirusha cheche ndio basi. Mi ningeweka bati geji 28 lipakwe rangi nyeupe juu, na lile tundu la upande wa futi 9 libaki wazi na waya tu muda wote, joto linapanda linatokea pale. Geji 30 ni nyembamba zaidi, ni nafuu lakini karibu na bahari inaoza mapema.

Pwani Kilifi

Hapo kwa nyoka wanishinda, tumewahi kuwapata. Basi rangi nyeupe na asogeze kivuli, huo mpapai asiukate.

Mama Wawili

Mpapai haukatwi. Naenda na bati.

Sasa waya jamani. Dukani nimeonyeshwa ule wa kuku wa matundu ya pembe sita na mwingine wa kuchomelea wa miraba ya nusu inchi, bei mbali mno. Je kuna ulazima?

Kijana wa Geza

Upo tena sana. Ule wa pembe sita unazuia kuku asitoke, haumzuii adui asiingie. Kicheche anauvuta kwa meno mpaka tundu linapanuka, akiingia hali mmoja akaondoka, anang'ata shingo kumi anaacha maiti. Mwenzangu hapa Mjimwema aliamka akakuta banda zima. Paka shume nae anaingiza mkono anamshika kifaranga aliyelala karibu na waya. Nusu inchi hata panya mkubwa na nyoka wengi hawapiti.

Ukishindwa bei weka wa nusu inchi mpaka usawa wa futi 5, juu ya hapo weka ule mwembamba mara mbili.

FundiMbaoNaBati

Na chumvi ya bahari msisahau. Waya wa kuchomelea unaanza kuoza pale kwenye maungio. Kabla hujaupigilia utandaze chini upake rangi nyeusi ya mafuta pande zote mbili, siku moja ya kazi inakuongezea miaka. Nje kuzunguka banda upande wa uwanja, laza kipande cha waya chini kama futi moja na nusu kutoka ukutani kwenda nje, kifukie inchi mbili tatu. Nguchiro au mbwa akija anaanza kuchimba pale pale chini ya ukuta, anakutana na waya, hajui kurudi nyuma futi mbili akachimbie huko.

Dada wa Mayai

Habari zenu. Naona mmejenga nje vizuri lakini ndani hamjafika na ndani ndio mayai yalipo, nisikilizeni kidogo.

Fito za kulalia: kila kuku sentimita 20, kuku 60 ni mita 12, banda lako lina upana wa mita 3 basi fito 4 zinakutosha, ziweke mwisho wa magharibi zikiachiana sentimita 40. Zote usawa mmoja, ukizipanga kama ngazi wote wanagombania ya juu na wanyonge wanaangushwa. Mbao ya mbili kwa mbili iliyopigwa randa na kingo zimeviringwa, SIO mirunda yenye magome. Kwenye magome na kwenye nyufa ndiko anakoishi utitiri mwekundu, mchana humuoni, usiku anatoka ananyonya damu anarudi. Kuku anapungua mayai, upanga wa kichwani unapauka, wewe unasema ni chakula. Chukua tishu nyeupe usiku, pitisha chini ya fito, ikitoka na madoa mekundu unao. Ndio maana fito zisipigiliwe misumari, zilale tu kwenye vikato ili uzitoe nje uzimwagie maji ya moto na kuzianika juani.

Viota: kimoja kwa kuku 5, kwahiyo 12. Sentimita 30 kwa 30, kimo 35. Panga safu mbili za sita, urefu unakuja mita 1.8. Ukuta wako wa mashariki una mita 3, mlango wa sentimita 90 unakaa hapo na viota vinakaa hapo, umeona? Na kwa nje uweke kifuniko chenye bawaba, unatoka jikoni unainua unaokota mayai bila kuingia bandani. Viwe na giza, juu yake paa la kuteremka sana wasilalie, na LAZIMA viwe chini kuliko fito, kuku analala pale pa juu kuliko pote, viota vikiwa juu wanalala humo na mayai yote yanachafuka.

Mlango ufungukie nje na toroli lipite.

Mama Wawili

Dada wa Mayai ubarikiwe. Nimepitisha tishu usiku huu kwenye mirunda ya zamani, imetoka na mistari ya damu, nimesisimka mwili mzima. Kumbe hata kabla yetu wadudu walikua humo humo kwenye nguzo. Hiyo miti yote inachomwa, hata kipande hakiingii kwenye banda jipya.

Wakati ujenzi unaendelea kuku niwaweke wapi?

Mzee Kaskazi

Hata kibanda cha turubai chini ya mpapai kinatosha ilimradi usiku wamefungiwa. Kabla hujawahamisha shika mmoja mmoja, angalia chini ya mbawa na karibu na kinyeo, wapake dawa ya unga ya utitiri, uliza duka la dawa za mifugo wakupe kipimo cha kuku wa mayai. Usiwapeleke banda jipya na wadudu wao.

Na hao wawili wanaokoroma watenge leo, sio kesho. Wengine kama zaidi ya miezi mitatu imepita toka chanjo ya kideri (Newcastle), wape. Ile I-2 inatengenezwa hapa hapa nchini, inavumilia joto kuliko nyingine, tone moja jichoni kwa kila kuku, unarudia kila miezi 3. Banda zuri halizuii kideri, chanjo ndio inazuia. Ila wanaokoroma usiwachanje, wapone kwanza.

Kijana wa Geza

Na kunguru? Hawa wenye shingo ya kijivu wanaingia mpaka ndani wanabeba yai.

Dada wa Mayai

Uwanja wa nje ufunike juu na nyavu za uvuvi zilizochakaa, nenda pale Feri au Kimbiji ongea na wavuvi, wanakuuzia kwa bei ndogo. Hawa kunguru sio wa kwetu, waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea pwani yote, na wana akili, wakishajua saa unayookota mayai wanakuwahi. Wavu ukae juu futi 6 upite bila kuinama, na uukaze, ukilegea ndege wananasa.

Mama Wawili

MREJESHO. Banda limesimama, naandika hapa ili na mwingine mwenye kiwanja kama changu afaidike.

Vipimo ni vile vile vya mita 5 kwa 3. Fundi wangu alitaka kutokeza bati futi moja tu, kama FundiMbaoNaBati alivyonionya, nikamkatalia, bati tumekatiwa kiwandani kwa urefu tunaotaka. Tofali 140 zimetosha. Saruji ilienda mifuko 7 ya sakafu kama mlivyosema na mingine ya kujengea. Bei sitaji kwasababu saruji na bati zinapanda na kushuka, ila mjue hela kubwa imekwenda kwenye waya wa nusu inchi na bati, tofali ni kidogo. Mapazia nimeshona kwa viroba vya chakula cha kuku, yamefungwa kwenye tofali yanavutwa kwa kamba kupanda, juu naacha futi moja wazi hata mvua ikinyesha.

Maranda inchi 4. Fito nne, viota kumi na mbili upande wa jikoni, mwanangu mdogo ndio anaokota mayai kwa nje anafurahi kweli.

Nimechuchumaa tena alfajiri. Nasikia harufu ya maranda tu, mbao mbao hivi. Wale wawili walitengwa, mmoja amepona, mmoja alikufa. Saa nane mchana kuku wamo ndani, wamelala kwenye maranda wametanua mbawa, upepo unapita.

Mzee Kaskazi

Safi sana mwanangu. Sasa yatunze hayo maranda. Kila siku mbili tatu yageuze kwa reki, hasa chini ya fito na kuzunguka maji. Palipolowa toa hilo donge lote, weka makavu, usifunike juu. Vyombo vya maji vinyanyue usawa wa mgongo wa kuku, vikiwa chini wanamwaga. Kuku wa mayai anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku na anakunywa maji karibu mara mbili ya hapo, joto likizidi zaidi ya hapo, kwahiyo kuku 60 andaa lita 15 na uziweke kivulini.

Mfugaji Mpya Chanika

Uzi bora sana huu. Mama Wawili swali, wa kwangu nimejenga banda jipya lakini wanagoma kulitumia, jioni wanarudi kulala kwenye mwembe na mayai wanataga vichakani. Wewe uliwezaje?

Mama Wawili

Wafungie ndani siku kama tano hivi bila kuwatoa kabisa, chakula na maji humo humo, wanazoea kwamba pale ndio kwao. Kwenye viota weka mayai ya plastiki au hata kokoto nyeupe za duara, kuku anapenda kutaga palipo na yai. Ukianza kuwatoa usiwatoe asubuhi, wengi wanataga kabla ya mchana, mi nafungua saa sita. Jioni chakula cha mwisho wape ndani ya banda. Wale wabishi wa mwembeni nenda na tochi usiku wameshalala, wabebe mmoja mmoja uwapandishe kwenye fito, hawaoni gizani hawasumbui, fanya hivyo kila usiku mpaka waingie wenyewe.

Mfugaji Mpya Chanika

Naanza leo. Na fito zangu ni mirunda yenye magome, usiku napitisha tishu.